Niliwaonyesha Dhahabu Tu

Siku mabawa yalipobaki sinia zima, Zahiya alijua kuna jambo. Watu wa Magoudjou, mtaa wa Moroni, hawaachi mabawa ya kuku. Wataacha kulipa umeme, wataacha sala ya alfajiri na kuisingizia mvua, lakini mabawa ya kukaanga, yenye pilipili na ndimu, hawayaachi. Jioni ile wateja walikuja kama kawaida, wakasimama mbali kidogo na karai, wakainamia simu zao, wakamtazama, wakainama tena. Kisha wakaenda kununua kwa jirani, ambaye mafuta yake hubadilishwa Idi hadi Idi.

Mmoja tu ndiye aliyesogea, dereva wa teksi aliyezoea kumwita mama. Akachagua mabawa mawili, akajifungia mwenyewe kwenye karatasi, halafu akauliza kwa sauti ya kuwafikia wenzake pale kwenye gari: "Na yule anayecheza, Mama Dalila, yeye anauzwaje?"

Zahiya hakuwa mtu wa kukosa jibu. Akamwambia kwamba kwa sura aliyopewa, hata kuku wa barafu kutoka Brazili wangemkimbia. Wenzake wakacheka. Lakini Zahiya, aliyekaa miaka mingi barabarani na kujua kicheko kinaelekea wapi, aliona hiki hakikwenda kwa dereva. Kilimrudia yeye. Dereva akageuza simu yake aone.

Alikuwa Dalila, mwanawe. Kichwa wazi, nywele zimesukwa na asumini, mabega nje, dhahabu imejaa kifuani, mdomo umeachama kwa wimbo na kiuno kimekamatwa katikati ya mzunguko. Zahiya hakujua kusoma sana, akamwambia dereva asome kilichoandikwa chini. Dereva akasoma, na sasa aibu kidogo ilimshika, akasoma haraka: "Hivi ndivyo binti wa Nzwani anavyowachezea askari wa Kanali. Na huyu ndiye mnayempa watoto wenu awafundishe Moroni."

Zahiya akalitambua pazia la buluu nyuma ya mwanawe. Alilishona yeye. Lilikuwa sebuleni kwa dada yake Rahamatou, Mutsamudu, kisiwani Nzwani, na siku ile hapakuwa na askari mle ndani wala jogoo.

*

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 2008. Kisiwa cha Nzwani, chini ya Kanali wake, kilikuwa kimejitenga kwa mara nyingine, meli zilikuwa haziendi, na kila siku redio ya Moroni iliahidi kwamba askari watavuka kesho kwenda kukirudisha kisiwa. Zahiya alikuwa mzaliwa wa Mutsamudu aliyeolewa Moroni na kubaki Moroni hata baada ya mume kufa. Dalila alimzalia kwao Mutsamudu, na hata kitambulisho chake kilitolewa huko. Miezi ile alikuwa ameacha kujitanda shiromani, ile khanga nyekundu ya kwao, kwa sababu mwanamke mwenye shiromani Moroni alikuwa akiulizwa na muuza nyanya amemwacha vipi Kanali.

Picha ile ilitoka kwenye harusi kubwa ya binti wa Rahamatou, mwaka uliotangulia, kabla mambo hayajaharibika. Harusi kubwa ina alasiri yake ya wanawake. Mlango hufungwa, wanaume hufukuzwa hadi wa kunyonya, na wanawake huvua vya kujitandia wakabaki na mapambo yao. Humo hucheza, na humo ndimo kila anayetoa zawadi huonekana akiitoa. Hapo ndipo penye tabu yenyewe. Mwanamke aliyetoa bangili anataka ndugu zake wa Marseille waione bangili ikitoka mkononi mwake. Kwa hiyo huajiriwa mpiga video mwanamke, na diski hupelekwa Marseille mkononi mwa mwanamke, na huko huangaliwa na wanawake chumbani, pazia limeshushwa. Wote hukubaliana hivyo. Tunafunga mlango wasituone, halafu tunajipiga picha na kuisafirisha ng'ambo. Na tukiambiwa tuna akili pungufu tunakasirika.

Diski ya Dalila ilikaa kabatini, chini ya mashuka.

Nyumba ilikuwa ya Dalila. Zahiya aliijenga tofali kwa tofali kutokana na mabawa, kama mama wa visiwa hivi anavyomjengea binti yake, na mume akaja na sanduku lake akaingia. Mume mwenyewe ni Mounir, karani wa bandarini, mtu mpole mwenye kofia safi. Kila alasiri alikuwa duka la intaneti la Bahiat, kwenye jukwaa moja la Wakomori wa Marseille, akiupigania umoja wa visiwa kwa jina la Ulimi wa Karthala, ule mlima wa moto ulio juu ya Moroni. Nyumbani ulimi huo ulikuwa hauwaki. Zahiya alikuwa akisema amepata mkwe anayeikomboa Nzwani kila siku lakini hajawahi kukomboa hata mtungi mmoja wa gesi.

Jioni ile Mounir aliitazama picha, akaurudisha mkono mfukoni, akasema watu ni wabaya. Dalila alikuwa amekwisha kuiona. Mkuu wa shule ya watoto wadogo alimwita kabla ya chakula cha mchana, akamwambia kwa upole kwamba wazazi watatu wameshawaondoa watoto wao, kwamba yeye binafsi hana shida, na kwamba apumzike. Picha ikiondolewa kwenye lile jukwaa la Marseille ilikobandikwa, arudi. Nafasi yake atamshikia.

"Kwa hiyo itoke," Dalila alisema. Hakulia. Alikuwa amekaa juu ya kitanda, buibui lake bado mwilini, kama mgeni anayesubiri kuitwa ndani. "Mama, kazi yangu ni kuitoa ile picha. Sina nyingine."

Zahiya akauliza nani kaitoa diski. Mounir ndiye aliyejibu, akitazama sakafu: diski hii iko hapa kabatini, nyingine imekwenda Marseille, na ya tatu iko wapi? Hakulitaja jina. Hakuwa na haja.

Zahiya akampigia dada yake. Simu za Nzwani siku hizo zilikuwa zikikamata pale zinapopenda, lakini siku ya ugomvi zikakamata safi. Alimwambia Rahamatou kwamba amemuuza mtoto wake, kwamba tangu utoto alikuwa hana siri hata ya mkojo, kwamba sebule yake ni soko. Rahamatou aliapa kwa msahafu. Akasema diski yake imo kwenye sanduku lenye kufuli na ufunguo uko shingoni. Mwishowe akasema yeye Mutsamudu hana hata mafuta ya taa, hizo intaneti atazipata wapi, azichemshe? Zahiya akakata. Dada yake alikuwa mkubwa wake, na kumkatia simu mkubwa ni jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliendelea kuishika simu kama mtu aliyeshika sahani iliyovunjika.

*

Kituoni Zahiya na Dalila walipokelewa na jandarma, askari mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri. Alisikiliza yote. Kisha akauliza kosa limetendeka wapi. Dalila akasema jukwaa liko Marseille. Jandarma akasema basi hilo ni la Wafaransa. Zahiya akasema picha imepigwa Mutsamudu. Jandarma akasema Mutsamudu kwa sasa haiko mkononi mwao, wasubiri ikombolewe. Dalila akauliza, je, hizi simu zinazorushiana picha hapa hapa Moroni, mlangoni mwa kituo? Jandarma akafikiri, akasema sheria ya mtu kupigwa ngumi anayo, sheria ya mtu kuvunjiwa mlango anayo, lakini sheria ya mambo yanayopita hewani hajaletewa.

"Ila picha nitahitaji kuiona," alisema. "Kwa ushahidi."

Akaiona. Akamwita mwenzake naye aione kwa ushahidi. Mwenzake akaomba irushwe kwenye simu yake, iingie kwenye faili. Zahiya akamwuliza faili lenyewe linakaa mfuko gani wa suruali, akamshika mwanawe mkono, wakatoka.

Likabaki jukwaa lenyewe. Wakaenda kwa Bahiat, mjane mnene aliyekuwa na kompyuta sita chini ya feni moja. Bahiat akawapa meza ya pembeni, akawa mwema kupita kiasi, akawaletea soda bila kuombwa. Dalila akamwandikia msimamizi wa jukwaa, mtu aitwaye Rachadi, ambaye hawakuwahi kumwona, si kabla wala baadaye. Akamweleza kwamba ile ilikuwa alasiri ya wanawake, kwamba maneno ya chini ni uongo, kwamba anaomba iondolewe.

Rachadi akajibu kesho yake, kwa adabu. Jukwaa lake ni la watu huru, yeye haingilii anachosema mtu. Lakini kama kweli mlalamikaji ndiye mwenye picha, atume kitambulisho. Dalila akatuma. Rachadi akajibu kwamba kadi hii imetolewa Mutsamudu na watu wa Kanali, na jukwaa lake haliitambui serikali ya waasi. Hata hivyo yeye si mtu katili. Ajipige picha, uso wazi, ameishika kadi kifuani, walinganishe.

"Yaani ili waitoe picha," Zahiya alisema, "tuwape picha."

"Ndivyo walivyoandika, mama."

"Na wakiitaka ya tatu?"

Mkuu wa shule alikuwa amempigia Dalila asubuhi kumwambia kwamba kuna binti wa jirani yake amemwomba ile nafasi, amemjibu asubiri kidogo. Dalila akavua shela, akakaa mbele ya kile kijicho cha kamera juu ya kompyuta, akaishika kadi chini ya kidevu. Bahiat ndiye aliyebonyeza. Zahiya alisimama kando akiwa ametandaza khanga yake mikono miwili, kuwakinga macho ya wanaume wa meza nyingine, na baadaye aliikumbuka khanga ile kwa uchungu, jinsi alivyoitandaza kwa bidii.

Alhamisi jukwaa likawa na picha mbili. Dalila anayecheza, na Dalila aliyeshika kadi kama mtu aliyekamatwa. Jina lake lote linasomeka, na jina la baba, na mji aliozaliwa. Chini wameandika: "Amekiri mwenyewe." Rachadi alipoandikiwa alisema wasaidizi wake waliona ni vizuri wanachama wapime wenyewe, na kwamba mjadala umekuwa mkubwa, haijapata kutokea.

Ijumaa mkuu wa shule hakupiga simu. Alimtuma mlinzi alete mfuko wa plastiki: chaki za rangi za Dalila, kikombe chake, na ndala alizokuwa akivaa darasani.

*

Zahiya alikwenda peke yake kwa Bahiat, kulipia zile dakika za mwisho. Alikuta duka halina mtu, akajitupa kwenye kiti na kuanza kumlaani dada yake. Alimlaani taratibu, kwa mpangilio, kuanzia miguu. Alipofika kifuani Bahiat akamwambia anyamaze.

"Bweni, mama yangu, usimlaani dada yako ndani ya duka langu. Malaika watanicheka."

Na hapo akasema. Ilikuwa mwezi wa Mfungo Tatu. Mounir alikuja na diski ndani ya gazeti, akataka nakala, ampelekee kaka yake Marseille. Kaka alikuwa amechangia ile seti ya dhahabu aliyopewa Dalila siku ya harusi yake, na alikuwa akilalamika kwamba hajaona dhahabu wala kivuli chake. Bahiat alidhani ni video ya ngoma ya wanaume, akaiweka. Wakati inanakiliwa ikafunguka kwenye kioo, na wale wapiganaji wenzake Mounir wa jukwaani wakasogeza viti. Bahiat alitaka kuifunga. Mounir akamwambia aache kidogo. Akasimama pale akionyesha kwa kidole: mkufu ule, vikuku vile, herini zile, vyote kutoka kwake. Halafu mwezi uliopita akagombana na mmoja wao juu ya mambo ya Nzwani, akamwita kibaraka wa Kanali. Yule mtu alikuwa ameshajichotea nakala. Akasema atamwonyesha nani kibaraka.

Zahiya akauliza kwa nini hakumwambia tangu siku ya kwanza, alipokuwa akiwaletea soda.

Bahiat akaitazama feni yake. "Mounir analipa kila mwisho wa mwezi," akasema. "Na mimi ni mjane."

*

Alipofika nyumbani Zahiya hakupiga kelele. Mounir alikuwa mezani, anakula wali na samaki, na Dalila amekaa mkabala naye bila sahani. Zahiya akayasema yote aliyoyasikia, akiwa amesimama, mkoba begani, kama mtu anayetoa salamu za mbali. Alipomaliza, Dalila alimtazama mumewe. Muda wote ule alikuwa amelala naye kitanda kimoja, na mara mbili alimwomba amsaidie kufikiri ni nani.

"Ulijua," akasema.

Mounir akapangusa vidole kimoja kimoja. Akasema hakujua kwamba yule mtu ana nakala. Akasema naye ameaibika, bandarini wanamwita Bwana wa Ngoma. Dalila alipozidi kumtazama tu, akainua mikono yake miwili, mitupu, na kwa sauti ya mtu aliyeonewa akasema: "Niliwaonyesha dhahabu tu."

"Dhahabu ilikuwa juu ya nini?" Dalila akauliza.

Zahiya alisema baadaye kwamba anaamini mkwe wake alisema kweli. Aliiona dhahabu tu. Hakuona kwamba chini yake kuna mtu.

Dalila akaenda chumbani, akatoa lile sanduku aliloingia nalo Mounir siku ya harusi, akalipanga vizuri, mashati yamekunjwa, kofia juu zisiharibike. Akaivua na dhahabu, mkufu, vikuku, herini, akaifunga kwenye kitambaa na kuiweka juu ya kofia. Akalitoa sanduku nje ya mlango. Kwetu hilo linatosha. Nyumba ikiwa ya mke, mume aliyeona sanduku lake barazani haulizi maana yake. Mounir alimaliza samaki wake kwanza.

Jioni ile, uwanjani wanakokaa wanaume, walimsogezea nafasi kwenye benchi, wakamwagizia chai. Walimhurumia. Walisema wanawake wa Nzwani ndivyo walivyo.

*

Machi askari walivuka kweli, wa Moroni pamoja na wa Tanzania na wa Sudan, na kabla ya adhuhuri Kanali alikuwa ametoroka. Meli ya kwanza ya abiria iliporuhusiwa kwenda, Zahiya na Dalila walipanda. Dalila alisema anataka kukaa mahali ambapo hakuna anayemwita binti wa Kanali. Zahiya alikuwa na lake: kumwomba dada yake radhi, uso kwa uso. Alijitanda shiromani yake tangu Moroni, potelea mbali.

Rahamatou aliwapokea mlangoni kwake, kwenye vichochoro vya Mutsamudu, ufunguo bado shingoni. Zahiya alianza kulia kabla hajavua viatu. Rahamatou akamwacha alie kiasi cha kumfaa, kisha akamwuliza kama ule mkojo wake usiokuwa na siri umeshafika Marseille nao. Wakacheka, wakashikana, yakaisha. Akamkalisha Dalila karibu yake, akamshika mkono, na hakuuachia, na Zahiya akaona kwamba kuna neno dada yake analitafutia njia.

Alilisema alipomaliza kumimina chai. Picha ilikuwa imefika Mutsamudu kabla yao. Ni ile ile, pazia lile lile, asumini zile zile. Ila sasa chini yake wameandika: "Hivi ndivyo alivyowachezea askari wa Moroni. Mnajiuliza nani aliwaonyesha njia?"

Dalila akaomba kuiona. Akaiangalia kwa muda mrefu kuliko siku ile ya kwanza. "Nimecheza sana," akasema. "Majeshi mawili."

Jumamosi kulikuwa na harusi upande wa Mirontsy, mji wa jirani, kwa shoga wa Rahamatou, na Rahamatou akasema wataenda wote watatu, Dalila akikaa ndani atakuwa ameyakubali maneno yao. Mlangoni aliketi bibi mmoja na beseni la kufulia. Kila mwanamke alitupa simu yake humo. Mpiga video hakuitwa. Bibi alimpapasa Dalila hadi kwenye fundo la nywele, kisha akampapasa tena.

Ndani ngoma ilikuwa imepamba moto, vichwa wazi, nyuso zimepakwa msindanu, ile liwa ya njano, vikuku vinalia. Dalila alipovuka kizingiti, mmoja akamwona, akavuta shiromani yake juu. Wa pili akavuta. Halafu sauti ya vitambaa ikapita chumba kizima, mwanamke mmoja baada ya mwingine, kama vile wanavyofanya mwanamume akikosea mlango. Mpiga ngoma akasimamisha mikono. Hakuna aliyemtukana. Walikuwa wamejifunika tu, wakingoja.

Zahiya alisimama nyuma ya mwanawe. Miguu ilimwambia ageuke. Badala yake akaingia katikati ya chumba, akashika kiuno.

"Endeleeni jamani," akasema. "Mwanamume tulishamtoa, na sanduku lake."

Wakacheka. Ni watu wa Mutsamudu na Mirontsy, hawawezi kuuacha mzaha upite bila kuulipa. Ngoma ikarudi, viuno vikarudi, hata mama mwenye harusi akaja kuwashika mikono. Lakini shiromani hazikushuka. Alasiri nzima walicheza hivyo, ndani ya nyumba iliyofungwa, isiyo na mwanamume wala simu, wamejifunika kama wapitao sokoni. Dalila peke yake ndiye aliyeiacha yake ianguke mabegani. Akacheza kichwa wazi, na hakuna aliyemkaribia.